Fremu tisa: kisa cha edita wa Ngarenaro aliyekaa kiti cha mwongozaji

Jina lake tuliache. Ngarenaro nzima, mtaa wetu hapa Arusha, ilimwita Edita, yaani mhariri wa video, na hata mama mwenye nyumba alipokuja kudai kodi alibisha hodi kwa jina hilo. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma ya stesheneri, pazia zito dirishani, na feni moja iliyokuwa ikiipulizia kompyuta, si yeye. Alifanya harusi, sendofu, kipaimara, komunio, mara moja moja msiba. Watalii wakianza kumiminika Juni alitengeneza vipande vya dakika moja moja kwa wenye kampuni za safari: twiga, machweo, mzungu anacheka ndani ya Land Cruiser, nembo, namba ya simu. Miaka saba hivyo.

Naandika kisa chake kwa sababu mimi, prodyuza mwenye kushika ratiba na pesa, ndiye niliyemtoa kwenye kile chumba, na baadhi ya yaliyoharibika niliyaharibu mimi. Watu wa fani hapa Arusha wanakisimulia kwa kifupi: edita alijaribu kudairekti, yaani kuongoza filamu, ikamshinda, akarudi kwenye kompyuta yake. Kifupi hicho kina makosa mawili. La kwanza liko kwenye neno "ikamshinda", la pili kwenye neno "akarudi".

Ndafu ya Usa River

Kwanza muelewe alikuwa mhariri wa namna gani. Tulipata harusi Usa River, mpigapicha alikuwa mtu wangu. Betri ikakata wakati uleule ndafu inaingizwa ukumbini. Kwa asiyejua harusi za huku kwetu, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa, anaingia amesimamishwa kwenye sinia na majani mdomoni, wapishi wanacheza nyuma yake, ukoo mzima umesimama. Kuikosa ndafu kwenye video ni karibu sawa na kumkosa bibi harusi. Mpigapicha alinifuata nje ya ukumbi akiwa ameshika kamera kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa.

Nikampelekea Edita kila kitu, saa sita za picha, nikamwambia afanye anachoweza. Baada ya siku tatu aliniita. Ndafu ilikuwepo.

Nilimwomba anionyeshe ameitoa wapi, akafungua taimulaini yake, ule mstari wa kwenye kompyuta anapopanga vipande. Mchana, kabla ya sherehe, mpigapicha alikuwa ameweka kamera juu ya meza jikoni akaenda kula, akasahau kuizima. Kamera, imelala kiubavu, iliona sekunde nne za mbuzi akiwekwa majani mdomoni. Akaigeuza picha, akaikuza. Viatu vya wapishi wakicheza alivitoa kwenye dakika za kuingiza vinywaji. Shangazi anayepiga vigelegele alikuwa anaipigia keki, saa nzima baadaye. Wakwe waliosimama walikuwa wamesimama kwa ajili ya sala. Sauti ya MC akiitangaza ndafu ilikuwa nzima, kwa sababu rekoda ilikuwa kwenye spika na haikujua habari za betri. Vipande kumi na kimoja, sekunde arobaini na kitu. Baba wa bwana harusi alinipigia simu kusifu jinsi tulivyoichukua ile ndafu vizuri.

Shikeni jambo moja hapo, maana nitalihitaji baadaye: kila alichotumia kilikuwa takataka. Kamera iliyosahauliwa, viatu, mashangazi wa keki.

Kwa nini nilidhani atafaa

Niliwaza kama wanavyowaza wengi, kwamba anayejua nyumba inavyomaliziwa hatashindwa kuchimba msingi. Na historia ilionekana kuniunga mkono. Robert Wise alihariri filamu ya Citizen Kane ya mwaka 1941, na mwaka 1944 alikuwa ameshaanza kuongoza katika studio ileile ya RKO. Baadaye alichukua Oscar mbili za uongozaji, ya pili kwa The Sound of Music ya 1965. David Lean, Mwingereza, aliitwa mmoja wa wahariri bora wa nchi yake kabla ya kuongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1942. Hal Ashby alipata Oscar ya uhariri kwa In the Heat of the Night ya 1967, na miaka mitatu baadaye filamu yake ya kwanza kama mwongozaji ikatoka. Nilikuwa na orodha hiyo kichwani kama mtu anavyokuwa na mistari ya Biblia ya kumtetea anapotaka kufanya jambo ambalo ameshaamua.

Sikuitazama vizuri. Wise hakuanza peke yake: alikabidhiwa filamu ya mwongozaji aliyechelewa ratiba, na nyuma yake alikuwepo Val Lewton, prodyuza aliyekuwa ameshatoa filamu nyingine kadhaa kabla ya hiyo. Lean alianza ubavuni mwa Noël Coward, ambaye ndiye aliyeandika, ndiye mwigizaji mkuu, na jina lake lilikuwa juu ya kila kitu. Kazi ya Lean ilikuwa kamera na mikato, pale kipande kinapokatwa na kuungana na kingine, yaani upande aliokuwa anaujua tayari. Filamu ya kwanza ya Ashby iliprodyusiwa na Norman Jewison, mwongozaji ambaye Ashby alikuwa amemhariria filamu kadhaa. Wote watatu walivuka mto wakiwa wameshika mkono wa mtu aliyeuvuka jana.

Edita wetu alikuwa na mimi, na mkono wangu ulikuwa umeshika kikokotoo.

Siku nne za Julai

Hadithi ilikuwa fupi na nzuri: mama mjane anakaa kwenye kiwanja Ngarenaro, watoto wake wawili wamekuja kutoka Dar kumshawishi auze. Sehemu saba, nyumba moja, uwanja mmoja, waigizaji wanne. Kibali tulikata mapema, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 haina mzaha na wanaosema watakata baadaye.

Aliandaa kazi kuliko mwongozaji yeyote niliyewahi kufanya naye. Alikuwa na kaunta buku la kwaya mbili, na ndani yake filamu nzima imeshahaririwa. Kila picha imechorwa kwenye kisanduku, pembeni yake sekunde: "mama, karibu, 4", "kijana anainamisha kichwa, 2 na nusu". Nililipiga picha lile daftari nikawatumia watu. Sikuona kwamba nilikuwa natazama filamu iliyokwisha, ambayo sasa ilikuwa inatafuta watu wa kuijaza.

Siku ya kwanza tulimaliza saa mbili kabla ya muda. Wapigapicha walimpenda papo hapo. Waongozaji wengi huchukua tukio zima kwa picha pana kwanza, mwanzo hadi mwisho, halafu wanarudia wakisogea karibu na huyu, kisha yule. Yeye hakufanya hivyo. Alichukua vipande tu, kila kimoja kwa urefu wa kwenye daftari, na sentensi inapoisha tu, "kata". Hollywood ya zamani ilikuwa na watu waliofanya kazi hivi, John Ford alijulikana kwa hilo, na ilimsaidia kwamba studio haikuwa na kitu kingine cha kuunganisha isipokuwa alichotaka yeye. Lakini Ford alikuwa ameongoza filamu nyingi mno, na alijua mwigizaji wake atafanya nini kabla mwigizaji hajajua.

Mama yetu alikuwa bibi wa Tengeru, zaidi ya miaka sitini, aliyejifunza kuigiza kwenye michezo ya Krismasi na Pasaka kanisani. Kila asubuhi Edita alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu "Marahaba mwanangu, umekula?", na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote. Siku ya pili tulifika kwenye tukio kubwa. Mama amekaa kitandani na kanga magotini, mwanae wa kiume mlangoni, na anatakiwa kusema "Sitauza."

Edita akamwambia, "Mama, hatuhitaji yale ya juu, tumeshayapata. Anzia tu pale kwenye 'sitauza'."

Bibi akafikiri kidogo. "Mwanangu, hiyo 'sitauza' hainijii bila kupita kwanza kwa marehemu baba yenu."

Alimaanisha mistari sita iliyotangulia, ambapo mama anamtaja mumewe. Seti ilicheka, na mimi pia. Edita alicheka kwa heshima, akamwomba ajaribu tu. Akajaribu. Teki ya kwanza, yaani jaribio la kwanza mbele ya kamera, ikawa kavu, ya pili ikawa afadhali, ya tatu Edita akaridhika, na silabi ya mwisho ya "sitauza" ilipotoka tu akasema "kata". Nilikuwa nimesimama nyuma ya mwenye taa, namwona bibi vizuri. Neno la "kata" lilipopita yeye hakulisikia, au hakulijali. Aliendelea kuitazama kanga. Akaikunja mara moja, akaikunja tena, polepole, maandishi yakiingia ndani, kama mtu anayekunja nguo ambayo mwenyewe hataivaa tena. Ilimchukua labda sekunde kumi na tano. Mpigapicha alikuwa ameshazima na anabadilisha lenzi.

Niliona. Sikusema kitu, kwa sababu ilikuwa saa tano na dakika, na tulikuwa mbele ya ratiba.

Kuna na suala la mwanga, nalipita haraka kwa sababu ni kosa la kawaida. Julai Arusha Mlima Meru unafunika mji kwa wingu asubuhi nzima, mchana jua linatoka ghafla utosini. Alichukua nusu ya mazungumzo ya uwanjani asubuhi, nusu nyingine saa nane mchana, akiamini rangi atazisawazisha kwenye kompyuta. Rangi zilisawazishwa. Kivuli kikali cha pua ya kijana mmoja, huku mwenzake anayezungumza naye hana kivuli kabisa, hakina kitufe.

Filamu safi

Tulitoka na dakika 47 za picha kwa siku nne. Nilizisifu. Alikaa nazo wiki tatu, maana tulikubaliana ahariri mwenyewe. Mimi ndiye niliyependekeza, ilipunguza jina moja kwenye malipo.

Ikatoka dakika 11. Ilikuwa nyoofu. Hakuna mkato uliogonga, sauti imetulia, kila kitu mahali pake kama vyombo kwenye kabati la mgeni. Tuliionyesha kwa watu kama ishirini, jamaa na wanafani, na wote walisema "nzuri" kwa ile sauti ambayo mtu husema kuhusu mtoto wa jirani. Bibi mmoja aliuliza kama itaendelea.

Edita alijua kabla yetu. Alikuwa anaamka usiku kuihariri upya, na kila akiihariri inarudi ileile, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kuiweka. Alinipigia simu saa saba usiku, akasema jambo ambalo naliona ndilo kiini cha kisa hiki chote. "Bosi, natafuta ndafu. Haipo. Hakuna hata kiatu."

Ndivyo ilivyokuwa. Harusi ya Usa River ilimpa saa sita za picha kwa video ya dakika arobaini, na muujiza wake aliuokota kwenye saa tano na ushei ambazo hakuna aliyezitaka. Miaka saba sifa yake yote ilijengwa juu ya uzembe wa wapigapicha waliosahau kuzima kamera. Alipopata nafasi ya kuamua mwenyewe, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuufuta ule uzembe. Alikuja kwenye seti amechoka na takataka za watu, mtu gani asingechoka, akahakikisha haachi yake. Kisha akakaa mezani kama mhariri, akajikuta anafanya kazi na mwongozaji mbahili kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Na ubahili ule haukuwa wake peke yake. Mimi ndiye niliyemwambia tangu mwanzo, "tusipoteze". Zamani neno hilo lilikuwa na maana: filamu yenyewe ilikuwa utepe unaonunuliwa, unaosafishwa kwa dawa maabara, kila futi ina bei, mwongozaji aliyeacha kamera ikimung'unya alikuwa anamung'unya pesa. Sisi tulikuwa tunarekodi kwenye kadi inayofutwa jioni na kutumika kesho. Kilichotugharimu kilikuwa chakula cha watu tisa, kukodi taa, nauli na jua. Sekunde kumi na tano za kanga zingetugharimu sekunde kumi na tano. Nilirithi uchoyo wa utepe bila kuwa na utepe.

Moshi

Nilimshauri ampe mtu mwingine aihariri. Alikasirika, wiki nzima hakupokea simu. Mwishowe alipanda Costa, diski yenye picha zote ameikumbatia kifuani, kilomita themanini hadi Moshi, kwa dada mmoja anayehariri video za kwaya kwenye chumba kidogo upande wa Mbuyuni. Nilikwenda naye, kwa sababu niliogopa angeshuka njiani.

Yule dada hakutaka kuona ile ya dakika 11. Akaomba vyote vilivyorekodiwa, akavitazama kimya, bila kusimamisha, kwa mpangilio wa kurekodiwa. Edita alijaribu kueleza picha fulani ilikuwa ya nini, dada akamwambia, "Subiri kaka, niache nisijue." Chai ilikuja, ikapoa. Alipofika mwisho alirudi kwenye teki ya tatu ya "sitauza", akaenda mwisho kabisa wa klipu, akaanza kuisogeza kwa kidole, fremu moja moja. Mbele, nyuma. Kulikuwa na fremu tisa baada ya neno. Kwa picha 25 kwa sekunde, hiyo ni kama theluthi moja ya sekunde. Ndani yake kidole gumba cha bibi kinaanza kuingia chini ya pindo la kanga.

"Huyu mama alikuwa anataka kufanya nini hapa?"

"Sijui," Edita akasema. "Nilishakata."

Dada akairudisha tena. Kidole kinaingia, kinatoka. Kinaingia. Mimi nilikuwa najua jibu, nikalisema, na nilivyosema ndivyo nilivyozidi kujiona mjinga. Edita hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ulikuwepo?"

Nilikuwepo.

Kurudia

Septemba tulipata nusu siku. Jua sasa lilikuwa kali toka asubuhi, halifanani na Julai hata kidogo, kwa hiyo dada wa Moshi akashauri tufunge dirisha na kuwasha taa moja tu ya kitandani, mwanga usionyeshe ni Julai au Septemba. Bibi alikuja na kanga ileile. Edita akamwamkia, akakaa naye chini kwenye mkeka karibu saa nzima, wakizungumza mambo ya marehemu mume wa bibi, wa kweli, aliyekuwa fundi cherehani. Nilitazama saa mara nyingi. Sikufungua mdomo.

Alimwomba aanze mbali, kutoka mwanzo kabisa, apite kote anakotaka kupita. Akamwambia mpigapicha asizime mpaka amguse bega.

Nilitegemea kanga. Sote tulitegemea kanga. Bibi hakuikunja. Alipita kwa marehemu, akafika kwenye "sitauza", akalisema chini chini, karibu halisikiki, halafu akainuka. Akaenda kwenye meza ndogo akaanza kuifuta kwa pindo la ile kanga. Meza ilikuwa safi. Akafuta katikati, akafuta kona, akainua kikombe akafuta chini yake, akakirudisha palepale. Kijana aliyeigiza mwanae alibaki mlangoni hana la kufanya, kwa kuwa halikuandikwa, na alivyokosa la kufanya ndivyo alivyofanana na mtoto wa mtu. Edita alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Bega la mpigapicha halikuguswa kwa dakika sita.

Kwenye filamu iliyokamilika zipo sekunde 38 za meza ile, mkupuo mmoja, hazijakatwa. Filamu nzima ni dakika 14. Tatizo la vivuli uwanjani limebaki, ukijua pa kutazama utaliona. Haikushinda tuzo yoyote. Tuliionyesha ukumbini mara mbili, na mara ya pili mzee mmoja alitoka nje kabla haijaisha. Nilidhani imemchosha, kumbe alikwenda kumpigia dada yake simu.

Kwa hiyo kuhusu "ikamshinda": siku nne za kwanza zilimshinda, kweli. Nusu siku ya mwisho haikumshinda.

Kuhusu "akarudi"

Msimu wa harusi ulipoanza Desemba alirudi nyuma ya pazia. Mtaa ukamhoji. "Vipi chalii, umeshuka?" Kwetu kazi zimepangwa kama ngazi ya kupaka rangi dari: kuna aliye juu na aliyeshika chini, na mhariri ndiye aliyeshika chini. Aliyepanda akionekana chini tena, basi kaanguka.

Ilimuuma. Jioni moja nikampelekea Hatari!, ile ya John Wayne, ambayo wazee wa mji huu bado wanaisimulia kama harusi ya ukoo. Howard Hawks alikuja kuipiga Tanganyika mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, uhuru bado haujafika, na kambi ya wakamata wanyama kwenye hadithi ilikuwa Momella, chini ya Meru. Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza humo, aliyapenda mandhari yale mpaka akanunua shamba. Waigizaji waliwakimbiza wanyama wenyewe kwenye magari, na faru hasomi skripti: unaacha kamera ziende, unachukua kitakachotokea, hadithi inajipanga baadaye kufuata kilichopatikana. Edita alitazama zile mbio za faru mara nne. Alikuwa anahesabu vipande kwa vidole. "Huyu aliletewa takataka nyingi sana," alisema kwa wivu.

Aliyeletewa aliitwa Stuart Gilmore. Nikamweleza habari zake, maana ndiyo sababu ya kuja na ile filamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Gilmore alihariri vichekesho vya Preston Sturges, kazi za mikato ya kasi ambazo wahariri wanazitazama hadi leo. Mwaka 1946 akapewa kuongoza filamu ya wachunga ng'ombe, The Virginian. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaongoza nyingine chache, ndogo ndogo. Halafu akaacha akarudi mezani. Hatari! aliihariri baada ya hapo, ilitoka 1962. Na mara tatu alipopendekezwa Oscar ya uhariri, ya kwanza kwa The Alamo ya 1960, zote zilikuja baada ya kurudi. Kabla ya kuongoza hakuwa na hata moja.

Sitaki kudai kwamba kuongoza ndiko kulikomfanya mhariri bora. Hilo sina ushahidi nalo, na huenda alipewa tu filamu kubwa zaidi. Ninachoweza kusema ni kwamba ngazi ya mtaani haimuelezi mtu kama huyo. Wala haimuelezi Lean, ambaye mwaka 1984, akiwa na miaka 76 na zaidi ya miongo minne ya kuongoza, aliihariri mwenyewe filamu yake ya mwisho, A Passage to India, na jina lake likaandikwa hapo kwenye uhariri kama la mtu mwingine yeyote.

Edita aliuliza swali ambalo sikuwa nimelitegemea. Kwamba Lean alijihariri mwenyewe na ikatoka, mbona yeye tumemkataza? Nikamwambia Lean alikuwa ameshatengana na mhariri wa ndani yake kwa miaka arobaini, wakakutana wazee, kila mmoja na yake. Sijui kama aliridhika. Alirudi kwenye faru.

Kitu kimoja kimebadilika kwenye kazi zake za harusi na wapigapicha wangu wanalalamika. Amewakataza kuzima kamera ukumbini ukipita muda wa kupeana zawadi, hata kama hakuna kinachoendelea. Wanasema anajaza diski bure.

Mwezi uliopita aliniletea makadirio ya filamu ya pili, karatasi mbili zilizopigwa chapa pale stesheneri. Kwenye mstari wa mhariri ameandika jina la yule dada wa Moshi, na malipo ambayo ni makubwa kuliko ya mwongozaji. Kwenye mstari wa mwongozaji ameacha wazi, nadhani anasubiri niseme mimi. Chini kabisa ameweka siku ya tano ya kushuti, haina tukio lolote, imeandikwa "akiba" tu. Nimeikata mara mbili kwa kalamu nyekundu. Mara zote mbili ameirudisha.